Tahadhari: Pimeni Kalkuleta Kabla ya Kupima Korosho

Makarani wa kata ya Dimani, viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika wilaya nzima ya Kibiti, wakulima mnaosubiri msimu wa korosho: hili lifanyike kabla gunia la kwanza halijapanda kwenye mizani.

Fungua kalkuleta iliyomo ndani ya kompyuta ya ofisi. Andika 2 + 3 × 4, kisha bonyeza alama ya sawasawa.

Imeleta ngapi?

Ikileta 14, ni nzima. Ikileta 20, nayo ni nzima. Hapo ndipo hatari ilipo.

Kalkuleta ya Windows ina sura zaidi ya moja. Katika sura ya kawaida, ile inayoandikwa Standard juu kushoto, inahesabu kadiri unavyobonyeza: 2 na 3 ni 5, mara 4 ni 20. Katika sura ya Scientific inafuata kanuni ya darasani, yaani kuzidisha kwanza na kujumlisha baadaye. Jibu ni 14. Kompyuta ileile, vitufe vilevile, majibu mawili. Na programu hii hufunguka katika sura aliyoiacha mtu wa mwisho. Kijana akiingia jioni kufanya hesabu zake za shule, karani wa asubuhi anakuta mashine inayohesabu kwa namna nyingine, wala haimwambii.

Sasa tuipeleke kwenye korosho.

Chukua mkulima mwenye magunia mawili, moja kilo 62, jingine kilo 58. Bei tuseme ni shilingi 3,300 kwa kilo, ile iliyotangazwa na serikali Novemba 2018. Kilo ni 120. Fedha ni 396,000. Karani akiandika mfululizo 62 + 58 × 3300 kwenye sura ya Standard, anapata 396,000. Sawa kabisa. Akiandika hivyohivyo kwenye Scientific, anapata 191,462.

Shilingi 204,538 zimepotea. Hakuna aliyeiba.

Itazame tena hiyo 191,462. Haishtui. Inafanana na malipo ya mtu aliyevuna kidogo. Karani ana foleni mpaka nje ya mlango, mkulima ameshinda juani tangu alfajiri, mvua inatishia. Watatia saini. Kama gunia moja lingekuwa daraja la pili kwa bei ya 2,600, na karani akaandika 62 × 3300 + 58 × 2600 kwenye Standard, mashine ingeleta 532,110,800. Kosa hilo hata mtoto analiona. Lisiloonekana ndilo litakaloingia kwenye daftari, kwenye stakabadhi, kwenye orodha ya benki.

Likishaingia huko, kulitoa ni kazi ya miezi.

Mkulima atafika nyumbani. Atarudia hesabu kwa simu janja yake, ambayo mara nyingi huhesabu kama Scientific, au kwa kalkuleta ndogo ya dukani, ambayo huhesabu kama Standard. Atapata jibu tofauti na la chama. Atamwonyesha jirani. Kufika Ijumaa, kijiji kizima kinasema chama kinakula jasho la watu. Mwezi Aprili 2013 huko Liwale, mkoani Lindi, nyumba zilichomwa moto baada ya malipo ya pili ya korosho kuja pungufu ya walivyotarajia wakulima. Kule tatizo halikuwa kalkuleta. Nalitaja kwa sababu mtu aliyehesabu fedha yake akaona imepungua hana subira ya kusikiliza maelezo ya kitaalamu. Anayeumia ni aliye karibu: karani, katibu, mwenyekiti, watoto wao.

Karani naye ana hatari ya upande wa pili. Mkaguzi akija, akakuta fedha hazilingani na kilo, hatauliza kalkuleta ilikuwa katika sura gani. Atauliza jina la aliyetia saini.

Yametokea makubwa kuliko hayo. Nchini Uingereza, kati ya 1999 na 2015, wasimamizi wa posta ndogo zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu kwa kutegemea hesabu za mfumo wa kompyuta uitwao Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Mfumo ulionyesha upungufu ambao haukuwepo. Wapo waliofungwa. Wapo waliouza nyumba kulipa fedha ambazo hawakuzichukua. Wapo waliojiua. Sheria ya kule ilichukulia kuwa kompyuta inafanya kazi vizuri mpaka mtu athibitishe vinginevyo, na msimamizi wa posta ya kijijini angethibitisha kwa kitu gani? Bunge lao lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo Mei 2024. Wengine walisubiri miaka ishirini na zaidi.

Mtu akikwambia kompyuta haikosei, mwambie kuhusu Horizon.

Mwambie pia kuwa kalkuleta yenyewe imewahi kuwa mbovu. Ile ya Windows 3.1 ukiiambia 3.11 − 3.10 ilionyesha 0.00. Mwaka 2017 simu za iPhone zenye iOS 11, ukibonyeza haraka 1 + 2 + 3, zilileta 24, kwa sababu alama ya pili ya kujumlisha ilimezwa. Mwaka 1994 chipu ya Pentium ya Intel ilibainika inakosea kugawanya baadhi ya namba. Aliyeligundua kosa hilo, mwalimu wa hisabati Thomas Nicely wa Virginia, alilinganisha majibu na ya kompyuta nyingine. Hakuiamini mashine moja.

Lakini ofisini kwenu adui mkubwa si chipu. Ni vitufe.

Kitufe cha CE hufuta namba ya mwisho peke yake. C hufuta hesabu yote. Karani akiachana na mkulima mmoja katikati ya hesabu, akabonyeza CE na kumwita anayefuata, kilo za wa kwanza bado zimo. Akitumia M+ kuhifadhi jumla na asibonyeze MC, mambo ni yaleyale: mtu analipwa kwa gunia la mwenzake.

Sura ya Programmer ni mbaya zaidi. Haijui desimali. 7 ÷ 2 inaleta 3. Kitufe cha nukta kimezimwa, kwa hiyo kilo 62.4 zikiandikwa haraka zinakuwa 624.

Alama ya asilimia iacheni kabisa. Kwenye Scientific ya Windows, ukiibonyeza kwenye kibodi, inaleta baki ya mgawanyo. Makato ya asilimia 3 yahesabiwe kwa kuzidisha na 3, kisha kugawa kwa 100.

Kompyuta za mtumba kutoka Ulaya nazo zichunguzwe. Nyingine bado zina mpangilio wa Ujerumani au Ufaransa, ambako mkato ndio nukta ya desimali. Ukinakili 3,300 na kuibandika kwenye mashine ya namna hiyo, inaweza kuisoma kama tatu nukta tatu. Nenda kwenye mipangilio ya eneo na lugha, urekebishe alama za namba. Na kibodi ifutwe. Vumbi la magunia likiingia chini ya 3, kitufe hubonyea mara mbili au hakibonyei. Andika 1234567890 polepole, utazame kioo, si vidole.

Wakala wa Vipimo huja kukagua mizani na kuibandika stika. Mizani ikipunja gramu, kuna sheria. Kalkuleta inayogeuza kilo kuwa shilingi haina stika wala mkaguzi. Kazi hiyo ni yenu.

Kwa hiyo, fanyeni leo, msisubiri wiki ya mnada wa korosho:

Bonyeza Alt na 1 ili irudi Standard. Fanya jaribio la 2 + 3 × 4 kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha, mbele ya mkulima wa kwanza kwenye foleni. Ikileta 20, ianze kazi. Ikileta kingine chochote, hakuna malipo yanayoandikwa mpaka ijulikane kwa nini. Kama bado inaleta majibu ya ajabu katika sura sahihi, ingia kwenye mipangilio ya programu, uirudishe kama mpya, kisha usasishe Windows. Ikigoma, iondoe mezani, utumie nyingine.

Msiandike hesabu mfululizo tena. Jumla ya kilo kwanza, iandikwe kwenye karatasi. Kisha kilo mara bei, iandikwe. Kisha makato, yaandikwe. Mistari mitatu, mkulima aione yote. Mtu wa pili airudie kwa chombo kingine kabla ya saini. Sekunde thelathini kwa kila mkulima, foleni itavumilia.

Nawe mkulima, usitie saini kwenye jumla tupu. Dai ile mistari mitatu. Kilo zisipolingana na tiketi ya mizani, simama palepale dirishani, omba irudiwe mbele ya mwenzako mmoja. Ukikataliwa, nenda siku hiyohiyo kwa ofisa ushirika wa wilaya, Kibiti, kabla orodha haijapelekwa benki.