Mzee aliyehojiwa naye ana jina

Fungua tasnifu yoyote ya falsafa kwenye maktaba ya seminari, uanze na ukurasa wa shukrani. Utamkuta Mungu, kisha Baba Askofu, gombera, walezi, msimamizi, wazazi, na mwishoni "wote ambao nafasi hainiruhusu kuwataja". Mara nyingi mzee aliyehojiwa siku tatu mfululizo yumo humo, ndani ya "wote". Sura ya tatu nzima ni mawazo yake, lakini tunachosoma ni "Wamakonde wanaamini kwamba…" Wamakonde gani? Walikaa kikao lini wakakubaliana?

Tabia hii ina mizizi katika somo letu lenyewe. Padre Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyefanya utume Katanga, alichapisha mwaka 1945 kitabu chake maarufu juu ya falsafa ya Kibantu. Kinasema Wabantu wanafikiri hivi, Wabantu wanaona vile. Anayefikiri ni kabila. Mwenye jina ni mwandishi. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliikataa njia hiyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 juu ya falsafa ya wenye hekima aliwataja wazee kwa majina, akiwemo Paul Mbuya Akoko, na kuchapa mazungumzo yao, swali kwa jibu. Msomaji anaweza kubishana na Mbuya mwenyewe. Huwezi kubishana na "Wabantu".

Huku kusini tunalo deni la aina hiyo. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, Lindi, na mamia ya wenyeji wakafanya kazi ile. Aliyewaongoza wachimbaji, na aliyeijua mifupa ile kuliko wengi, alikuwa Boheti bin Amrani. Mnyama mkubwa anayesimama Berlin alipewa mwaka 1914 jina la Branca, mkurugenzi wa makumbusho ya huko. Boheti alisubiri hadi 2007 ndipo dinosaria mmoja wa Tendaguru akaitwa *Australodocus bohetii*.

Wapo wanaosema tasnifu ni mtihani wa mtu mmoja, hivyo kutaja wengi ni kumpunguzia mwanafunzi alama. Nakubali kwamba ni mtihani wa mtu mmoja, na ndiyo maana mtahini anapaswa kujua kipi ni cha frateri na kipi ni cha mzee. Mtakatifu Thoma wa Akwino anamtaja Ibn Sina kwa jina, na Ibn Rushd anampa cheo cha "Mfafanuzi", ingawa wote wawili ni Waislamu na mara kadhaa anawapinga. Sijasikia mtu akisema Thoma alipungua kwa hilo.

Anayesahaulika kabisa ni mkalimani. Wengi wetu tunatoka majimbo mengine na Kimakonde hatukijui, kwa hiyo katekista au kijana wa kigango anakaa katikati. Mzee akitaja mahoka, kijana huyo ndiye anayeamua kama sisi tutasikia "mizimu", "roho" au "wafu wetu". Kila neno linafungua mlango wake, na frateri atajenga hoja ya kurasa kumi juu ya neno alilochaguliwa na mwingine. Aristotle naye alimfikia Thoma kupitia mkono wa mfasiri, Wilhelm wa Moerbeke, Mdominiko mwenzake, na jina lake tunalo hadi leo. Aliyechapa kazi steshenari amelipwa, huyo akishukuriwa ni hisani tu. Aliyenyoosha Kiingereza anatosha kwa mstari mmoja, isipokuwa kama alinyoosha na hoja. Hapo msimamizi aambiwe.

Wasimamizi nao wana mfano wao. Erasto Mpemba aligundua akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, mwaka 1963, kwamba maziwa ya moto yaliganda kabla ya yaliyopoa, akachekwa. Baadaye alimuuliza Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, naye akalijaribu jambo hilo maabara. Makala yao ya 1969 inaanza na jina la Mpemba, na sehemu yake kaisimulia mwenyewe. Osborne angeweza kuandika "mwanafunzi mmoja wa Iringa aliniuliza", na pengine hakuna ambaye angelalamika.

Wapo wazee wasiotaka kutajwa, hasa kwenye mambo ya jando na unyago. Waulizwe kabla daftari halijafunguliwa. Akikataa, iandikwe kwamba hakupenda jina lake litokee, na yale aliyosema kwa siri yabaki siri hata kama yangeipendezesha sura. Akikubali, jina lake liwekwe pale pale penye wazo, pamoja na kijiji na tarehe, kama tunavyofanya kwa Plato. Na kwa kuwa tasnifu zetu ni za Kiingereza, frateri arudi na kurasa zile mbili tatu, amsomee mzee kwa Kiswahili, mkalimani akiwepo. Akisema "mwanangu, sikusema hivyo", sura irekebishwe kabla ya kupelekwa kujalidiwa.