MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Malipenga na Godoro la Shule

Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo watu wengi huona haya kulitaja, maana si ugonjwa, wala msiba, wala njaa; ni mchezo tu. Mtu akiuguliwa na mtoto, fedha zikamwishia, atakuja kwako akueleze. Lakini yule ambaye fedha zake zaishia katika jambo alipendalo moyo wake, na nyumbani chumvi yakopwa kwa jirani, huyo hukaa kimya. Ukimtembelea atazungumza nawe juu ya mvua.

Jioni moja katika mwezi wa Juni alinijia jirani yangu hapa Matema, mtu mzima, mkulima wa mpunga na kakao, mwenye mke na watoto wanne. Tuliamkiana, nikampa kiti, tukakaa tukilitazama ziwa. Akazungumza juu ya mvua. Kisha akazungumza juu ya bei ya kakao. Kisha akanyamaza kitambo, nikajua ya kuwa liko neno. Mwisho akasema, "Mwalimu, binti yangu amechaguliwa kwenda kidato cha tano, shule ya bweni, mbali."

Nikamwambia, "Ndaga fijo! Hilo ni neno la furaha."

Akasema, "Ndiyo, Mwalimu. Lakini mimi ni mtu wa malipenga."

Ninyi mkaao mbali na ziwa letu yamkini hamjaiona ngoma hiyo. Wanaume husimama kwa mistari kama askari, wamevaa sare safi, wakienda kwa hatua moja, na kinywani kila mmoja ana kibuyu kilichotobolewa, na tundu lake limefunikwa kwa utando wa buibui. Mtu akiimba ndani ya kibuyu, sauti hutoka kama ya tarumbeta. Ngoma kubwa hupigwa nyuma yao. Wana vyeo: wako makapteni, wako masajini. Jirani yangu ni sajini, na kwa miaka kumi na minane hajakosa kucheza baada ya mavuno hata mwaka mmoja.

Nilimwuliza shida ni nini hasa. Akatoa karatasi mfukoni iliyokunjwa mara nyingi. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu, ila hakuwa na mtu wa kumwonyesha. Sare mpya ya mwaka huu, yaani suruali nyeupe, shati, soksi ndefu na viatu, shilingi 85,000. Nauli na chakula cha safari ya mwezi wa Agosti, kwenda kucheza katika kijiji kimoja cha pwani ya kusini, 90,000. Fungu lake la kuwakirimu wageni watakapokuja kulipa ziara, 110,000. Mchango wa chama, 5,000 kila mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka. Kibuyu kipya, pamoja na sehemu yake ya ngozi ya ngoma, 8,000. Jumla 353,000.

Upande wa pili wa karatasi aliandika mambo ya binti. Ada ya kidato cha tano na cha sita iliondolewa na serikali mwaka 2022, nasi twashukuru; lakini mtoto hawezi kulala juu ya tangazo la serikali. Godoro, shuka, sanduku, ndoo, sare, madaftari na nauli, vyote pamoja vilifika 320,000. Na fedha zilizobaki baada ya kuuza mpunga, chakula cha nyumbani kikiisha kuwekwa, zilikuwa 240,000.

Watu walikuwa wamekwisha kumshauri. Wazee wawili wa usharika walimwambia aiache ngoma kabisa, maana ni mambo ya dunia. Wenzake wa chama walimwambia mtoto wa kike ataolewa tu. Shauri la pili halistahili jibu katika gazeti hili. Lile la kwanza lilitoka katika mioyo ya wema, lakini naliona halikugusa mahali penye maumivu. Yeye hakuwa ameniuliza kama ngoma ni njema au mbaya. Aliniuliza juu ya shilingi 353,000.

Kesho yake nilikwenda kwake, maana mambo ya nyumba hayaamuliwi kwa kusikia upande mmoja. Mkewe alikuwa akipanga vyungu uani. Kila Jumamosi wanawake wa Kikisi wa Ikombe huleta vyungu vyao kwa mitumbwi hata sokoni kwetu, naye hununua vichache, akavipeleka kuviuza Ipinda, akapata faida ya chumvi na sabuni. Nilidhani ataisema ngoma vibaya. Akaniambia, "Mwalimu, mimi sikumwambia aache. Mara ya kwanza kumwona mume wangu, alikuwa katika mstari, na kibuyu kinywani. Jioni ambayo hachezi, akae wapi? Wako wanaokaa penye pombe. Mimi sina neno na ngoma. Neno langu ni njuti."

Hapo ndipo niliposikia lililokuwa halikuandikwa katika karatasi. Wenyeji wa bonde la Kyela mwaijua njuti. Mkulima hupewa fedha kabla ya mavuno, kakao ikiwa ingali mtini, kwa bei ndogo apendayo mwenye fedha. Mavuno yakija, hulipa kwa kilo. Viongozi wameikemea mara nyingi, nayo haifi, kwani mwenye shida haulizi bei. Jirani yangu alikuwa amechukua 150,000 mwaka uliopita, ili apate sare na safari, kwa ahadi ya kutoa kilo 30 za kakao. Mnadani kilo hizo zingempa fedha zaidi sana. Wala hakumwambia mkewe. Mama wa watu alipata habari siku ile mtu alipokuja na gunia tupu kuchukua kakao aliyoianika mwenyewe kwa mikono yake.

Tukakaa watu watatu na ile karatasi. Nikamwuliza rafiki yangu, "Ulipoanza kucheza, mlivaa sare mpya kila mwaka?" Akasema la, sare moja ilivaliwa hata ikatatuka, na wageni walipewa wali na samaki wa ziwani. Desturi ya sare mpya, akasema, ilianza juzi juzi.

Basi mkumbuke yaliyotupata juzi juzi. Mwaka 2024 bei ya kakao katika masoko ya dunia ilipanda kuliko zamani zote, ikapita dola 10,000 kwa tani moja, maana mavuno ya Ghana na Kodivaa yalipungua kwa magonjwa ya miti na hali mbaya ya hewa. Msiba wa wakulima wa mbali ukawa neema kwetu. Watu waliezeka nyumba, walinunua pikipiki, na chama cha malipenga kikaamua sare mpya, na safari ndefu, na mbuzi kwa wageni. Wageni nao, walipolipa karamu, wakaongeza mbuzi wa pili. Mwaka 2025 bei ikageuka, ikashuka sana. Bei ilishuka, lakini mbuzi hawakushuka.

Hili si jambo la Matema peke yake, wala si la leo. Malipenga ni ndugu wa beni, ngoma iliyoanza katika miji ya pwani, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890, watu wakiiga bendi za Wazungu. Katika vita ya 1914 hata 1918 askari na wapagazi waliieneza bara, ikafika kwenye ziwa hili, na penye tarumbeta ya shaba wazee wetu wakaweka kibuyu. Terence Ranger, mwanachuoni aliyeandika kitabu juu ya beni mwaka 1975, ameonyesha ya kuwa vyama vile havikuwa upuuzi. Mgeni alipofika mjini hana ndugu, chama kilimpokea, mtu akiugua, wenzake walimwangalia, akifa, walimzika. Ndiyo sababu siwezi kumwambia mtu kwa wepesi, "Toka." Huenda yule utakayemwambia atoke ndiye atakayehitaji jeneza kesho.

Lakini pwani hiyo hiyo yatuonyesha na upande wa pili. Wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama, chama hiki kikishindana na kile kwa mavazi na karamu. Margaret Strobel, aliyeandika habari za wanawake hao mwaka 1979, aeleza jinsi mashindano yale yalivyomeza fedha nyingi. Mwanamke hakutumia fedha ile kwa kucheza. Mguu wake haukuwa na bei. Alitumia kwa sababu wale wa upande wa pili wametumia.

Basi nikamwomba rafiki yangu kalamu, nikatia alama katika karatasi yake. Kibuyu na ngozi, 8,000: hii ni gharama ya ngoma. Mchango wa mwezi, 60,000 kwa mwaka: huu ni wa kuzikana na kusaidiana, nao ungekuwa na faida hata kama mtu hachezi. Zilizobaki, 285,000, ni za kuonekana na za kushindana. Alizitazama alama zile kwa muda mrefu. Kwa miaka alikuwa akifikiri ya kuwa anachagua kati ya binti na malipenga. Kumbe malipenga yenyewe yalimtaka shilingi 8,000.

Sisemi ya kuwa kila jambo la kupendeza laweza kupunguzwa hivi. Kwenye mawe ya Ikombe, karibu nasi, wako samaki wadogo wenye rangi za ajabu, ambao watoto wetu huwaona wakiogelea bila kuwajali. Huko Ulaya na Marekani wako watu wafugao samaki wa Ziwa Nyasa nyumbani, katika masanduku ya kioo, kwa furaha ya macho tu. Maji sharti yapashwe moto kwa umeme, yafike kiasi cha digrii 25, mchana na usiku, na mashine iyasafishe. Mwaka 2022, bei ya umeme ilipopanda Ulaya kwa sababu ya vita ya Ukraine, wenye samaki walikuwa na swali lile lile la jirani yangu, nao shida yao ilikuwa kubwa zaidi. Kibuyu waweza kukitundika ukutani mwaka mzima, hakili kitu. Samaki hula leo na kesho, na ukizima umeme watakufa. Wala huwezi kuwatupa mtoni, maana baridi ya huko itawaua. Mtu wa namna hiyo hana budi kuwatafutia mwenyeji mwingine mapema, fedha zingalipo, asingoje mpaka deni limsukume. Vivyo hivyo na mwenye farasi, au mbwa wa kuwinda. Kwa hiyo mtu aanzapo mchezo wowote, aulize kwanza kama ni wa kutundikwa au ni wa kulishwa.

Turudi uani. Waliamua wenyewe, mimi niliandika tu. Bwana hatasafiri mwezi wa Agosti, wala hatashona sare. Atacheza hapa nyumbani, kwa sare ya mwaka juzi, na mchango wa mwezi atautoa. Alikuwa amekwisha kumpa mtunza fedha wa chama 50,000 za kitambaa. Alikwenda kuziomba, akarudishiwa 30,000, maana nyingine zilikuwa zimekwisha kutumika. Pamoja na zile 240,000 zikawa 270,000. Zilipungua 50,000. Mkewe akaingia ndani, akatoka na fedha alizozikopa katika kikoba chao cha wanawake, akaziweka juu ya meza. Akamwambia, "Nakukopesha, sikupi. Utanilipa kakao ikivunwa, nami nitataka kuona mzani." Jirani yangu alicheka, lakini naona alikuwa karibu kulia.

Kwangu mimi neno kubwa la siku ile halikuwa fedha. Lilikuwa lile la njuti. Waliahidiana ya kuwa tangu sasa kakao haitauzwa ikiwa mtini ila wote wawili wawe wamekaa na kukubali, na ahadi hiyo wakamwambia na binti yao mkubwa, ili awepo shahidi. Ninyi waalimu ambao mnapokea mshahara wa mwezi, msidhani ya kuwa hamna njuti yenu. Mwenye kukopa juu ya mshahara usiofika, akificha karatasi ya mkopo chini ya vitabu vya shule, naye amekwisha kuuza kakao mbichi.

Binti aliondoka mwezi wa Julai. Nilimwona asubuhi, godoro limefungwa kwa kamba juu ya gari, naye akiliangalia kuliko alivyotuangalia sisi.

Baba yake amepeleka shauri kwa chama: sare ivaliwe miaka mitatu kabla ya kubadilishwa, na wageni wapewe wali na samaki kama zamani. Kapteni alisema watajadiliana. Baadhi ya vijana wamemcheka. Wawili walimfuata jioni, kila mtu peke yake, wakamwambia ya kuwa wao pia wana deni. Mkutano wa chama ni baada ya mavuno ya kakao, na jibu lao sijalipata.