Saa ya mkono si kipimo cha presha

Nikiri mapema, msomaji, kwamba mimi ni mgonjwa wa vifaa. Kikiingia kifaa kipya madukani Mombasa au hapa Kilifi mjini, sipati usingizi mpaka nikishike. Nyumbani kwangu Mnarani nina saa ya kisasa mkononi na nyingine mbili kabatini, mizani inayotuma uzito wangu kwenye simu, kipima sukari, kile kidude cha kubana kidole ambacho kila mtu alikitafuta wakati wa Korona, na mashine tatu za presha. Mke wangu husema chumba chetu kimekosa kitanda cha magurudumu tu, vinginevyo kingeitwa wodi.

Saa yangu huniamsha kwa kutetemeka, kisha hunipa alama za usingizi kama mwalimu anayesahihisha mtihani. Nikipata 60 kwa mia, basi nimechoka siku nzima, hata kama nilipofumbua macho nilijihisi mzima kabisa. Nikivuka daraja kwenda mjini, saa huhesabu hatua zangu. Siku moja ilinihesabia hatua nyingi ajabu, nami nilikuwa nimeketi nyuma ya bodaboda kwenye barabara ya mashimo. Nilicheka, nikawahadithia wenzangu kazini. Laiti ningalijiuliza siku ile: ikiwa saa hii haijui kutofautisha mguu wangu na pikipiki, je, presha inayonionyesha inaitoa wapi?

Sikujiuliza. Badala yake, Septemba mwaka jana, nilimpa mjomba wangu mojawapo ya saa zile za kabatini.

Mjomba ana miaka 68. Ana presha ya miaka mingi na alikuwa akimeza vidonge vyake kila asubuhi baada ya uji, kwa nidhamu iliyonishinda hata mimi. Nilimvisha saa mwenyewe, nikamwonyesha pa kubonyeza. Taa ya kijani ikawaka chini ya saa, na baada ya muda mfupi yakaja majibu: 121 kwa 78. Akanitazama akitabasamu. "Mwanangu," akasema, "kumbe nimepona." Nami nikatabasamu pia, kwa maana nilifurahi kuona zawadi yangu imependwa. Sikumwambia kitu.

Kila asubuhi saa ilimpa habari njema, 119, 122, 120. Wakati fulani katika miezi hiyo, bila kumwambia mtu, aliacha dawa. Ungemlaumu? Dawa inagharimu pesa, inamkimbiza chooni, na saa aliyopewa na mpwa wake anayejua mambo ya kisasa inasema hana ugonjwa.

Desemba, asubuhi moja, mkono wake wa kulia ulikataa kushika kikombe na maneno yakawa mazito mdomoni. Tulimkimbiza hospitali. Muuguzi alimfunga mkanda mkononi, mashine ikasema 204 kwa 116. Ilikuwa kiharusi. Saa yangu ilikuwa bado mkononi mwake. Niliibonyeza pale pale, mbele ya muuguzi, ikasema 119 kwa 77.

Jioni nilirudi nayo nyumbani. Ulikuwa msimu wa maembe. Nikachukua ngowe moja kubwa, nikaifunga saa juu yake, nikabonyeza. Embe langu lilikuwa na mapigo ya moyo 72 kwa dakika, na presha 117 kwa 75.

Ni vyema tuelewe jambo hili linavyokwenda, maana saa za aina hii zinauzwa kila mahali, kuanzia maduka ya simu hadi kwa wachuuzi wa barabarani, na nyingi zimeandikwa "presha" juu ya sanduku. Mashine ya mkanda hufanya kazi iliyoanzishwa na daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896. Mkanda hujaa hewa, hubana mshipa mpaka damu ikome kupita, kisha hulegea polepole. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkoff akatuonyesha jinsi ya kusikiliza damu inaporudi. Mashine za betri za leo hupima mtikisiko wa mshipa badala ya sauti, lakini mkanda ni ule ule. Nguvu inapimwa kwa nguvu.

Saa ya taa ya kijani haibani kitu. Inamulika ngozi na kuangalia jinsi mwanga unavyobadilika kila damu inapopita. Kwa njia hiyo inaweza kuhesabu mapigo ya moyo, na zilizo bora huhesabu vizuri. Lakini presha haiioni. Inaikisia kwa hesabu, na baadhi ya saa hukuuliza kwanza umri, urefu na uzito, kisha hukupa jibu linalofanana na la mtu wa kawaida wa umri wako. Ndiyo sababu jibu huwa zuri siku zote. (Zipo saa chache za bei ghali zenye mkanda wa hewa ndani ya kamba yake. Hizo ni habari nyingine, na sizo zinazouzwa kando ya barabara.)

Tazama jinsi wenye uwezo wanavyokwenda kwa tahadhari. Septemba 2025 kampuni ya Apple iliruhusiwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani kuweka onyo la presha katika saa zake. Lakini saa hiyo haitoi tarakimu hata moja. Huangalia mwenendo wa mvaaji kwa siku 30, na ikishuku jambo humwambia akajipime kwa mashine ya mkanda kwa siku 7, kisha aende kwa daktari. Ikiwa kampuni tajiri kama hiyo haithubutu kusema "121 kwa 78", huyu aliyetengeneza saa ya bei ya kilo chache za nyama ameipata wapi? Na kuhusu sukari, mamlaka hiyo hiyo ilionya Februari 2024 kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini kwa kufuata saa anacheza na maisha yake.

Hata kifaa cha kweli kina mipaka yake. Kile kidude cha kidole kimeokoa wengi, lakini Desemba 2020 madaktari wa Michigan walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine kwamba kilikosa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Mwanga hupita kwenye ngozi, na ngozi nyeusi huufyonza. Kwa hiyo mtu akihema kwa shida na kidude kinasema yuko sawa, aamini kifua chake.

Sasa nijisute na upande wa pili. Baada ya mkasa wa mjomba niligeukia mashine za mkanda kwa pupa. Usiku mmoja nilijipima mara 11. Ya kwanza ilikuwa 138. Nikashtuka, nikapima tena, 146. Nikazidi kushtuka, 153. Saa nane za usiku nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda nimeshika mkanda, moyo unadunda, nimeshajiandikia kiharusi changu mwenyewe. Kesho yake daktari aliniambia niketi kimya dakika 5, akanipima mara mbili, akapata 126 kwa 80. Hakunipa dawa. Aliniamuru niifungie mashine kabatini.

Hofu hii ina ushahidi wake hapa hapa kwetu. Mwaka 2016 watafiti wa kituo cha KEMRI-Wellcome Trust cha Kilifi walichapisha uchunguzi ambao watu wazima wa eneo hili walivalishwa mashine ya mkanda kwa saa 24, ikiwapima wakila, wakifanya kazi na wakilala. Si wachache waliokuwa wamekutwa na presha ya juu katika kipimo cha kawaida, ambao mashine ya saa 24 iliwakuta hawana ugonjwa huo. Mtu hufika kwa daktari ametembea juani, ameshikwa na woga wa koti jeupe, na presha yake hupanda kwa muda. Kwa sababu hiyo wataalamu siku hizi wanapenda mgonjwa ajipime pia nyumbani, ila kwa utaratibu.

Utaratibu wenyewe si mgumu, lakini karibu kila mtu niliyemwona akijipima ameuvunja. Usiwe umekunywa kahawa, kuvuta sigara au kufanya kazi nzito katika nusu saa iliyopita. Nenda haja ndogo kwanza. Keti kitini, mgongo umeegemea, nyayo zimekanyaga sakafu, miguu haijapishana, utulie dakika 5. Mkono uwe wazi, umelala mezani usawa wa moyo, na mkanda uutoshe, kwani mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa presha ya uongo. Usizungumze, hata mtoto akiuliza sukari iko wapi. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati, asubuhi na jioni, kwa siku 7. Andika zote kwenye daftari, zile mbaya pia, umpelekee daktari. Nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 au zaidi ndio unaohitaji kuzungumzwa. Hospitalini mpaka ni 140 kwa 90. Lakini mkono ukilegea, mdomo ukipinda au maneno yakivurugika, usipime chochote, tafuta gari.

Narudi kwa wenzangu wapenda vifaa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya Wakenya wazima hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja, na karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa nayo. Mimi nilikuwa na mashine tatu ndani ya chumba kimoja. Moja niliitupa, kwa kuwa haimo katika orodha ya mashine zilizojaribiwa inayotolewa na wataalamu wa STRIDE BP, nayo kila mtu anaweza kuiona bure. Moja nimebaki nayo. Ya tatu iko kwa mjomba, na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chetu humpitia kuangalia daftari. Wahamasishaji hawa wapatao 100,000 walizinduliwa nchi nzima Septemba 2023 wakiwa na mikoba yenye mashine ya presha na kipima sukari. Yule wa kwetu anajua kufunga mkanda kuliko mimi. Nilikuwa nikimpita njiani nikiangalia hatua zangu kwenye saa.

Na kwa wauzaji nina ombi moja. Futeni neno presha kwenye masanduku hayo. Uzeni saa, uzeni hesabu ya hatua, hata usingizi kwa alama za mia, sitalalamika. Wanaosimamia viwango na vifaa vya matibabu nchini nao wasingoje kuletewa embe langu ndipo wapige marufuku tangazo la namna hii. Dawa isiyopimwa haiuzwi hadharani kama karanga. Kipimo kinachomwachisha mtu dawa kisiuzwe hivyo pia.

Mjomba amerejewa na maneno yote na sehemu kubwa ya nguvu za mkono. Jioni hutembea polepole hadi karibu na magofu ya msikiti wa kale, akitazama hori, kisha hurudi. Vidonge anameza. Wiki iliyopita aliniomba nimrudishie saa yake, kwa kuwa, alisema, usiku inawaka vizuri na haimlazimu kuwasha taa ili ajue ni saa ngapi. Nimemrudishia. Kile kitufe cha presha nimekifuta kwanza.