Ng'oa Urembo Kwanza, Ndipo Upake Rangi

Jamani, hili limenichosha. Hebu tazama hizi Volkswagen Beetle za zamani zinazopakwa rangi upya hapa kwetu. Kwa mbali zinang'aa. Sasa sogea karibu uangalie ule mkanda wa aluminiamu wa ubavuni: pembeni yake rangi ya zamani inachungulia, au mkanda umegandishwa kwa silikoni na kupindapinda. Halafu unaambiwa gari limerudi kama jipya. Jipya wapi?

Nasema wazi: anayepuliza rangi bila kutoa urembo hajakarabati gari. Mkanda ule hushikwa na vibanio vidogo vinavyoingia kwenye matundu ya bodi, na kila tundu huwa na kizibo cha kuzuia maji. Kizibo kikizeeka maji hupenya, kutu ikaanza kula bati nyuma ya mkanda, mahali macho hayafiki. Kwa hewa ya chumvi ya Mombasa ndiyo usiseme! Ukiubandika utepe wa karatasi juu ya mkanda na kupuliza, umefanya kama mwandishi wa programu anayeficha ujumbe wa hitilafu na kuiacha hitilafu yenyewe ndani.

Watajitetea kwamba mkanda ukitolewa utapinda. Utapinda ukichokonolewa kwa bisibisi upande mmoja! Tumia kipande cha plastiki, linda rangi kwa utepe, na uachie kibanio kimoja baada ya kingine. Ubavu mmoja wa Beetle una vipande 3 tu: mbele ya mlango, mlangoni, na nyuma yake. Piga picha, andika namba nyuma ya kila kimoja. Wakati wa kurudisha, acha rangi ikauke kabisa, weka vibanio na vizibo vipya, kisha usukume mkanda kwa kiganja.

Wengine huziba matundu kwa filla wakidai vibanio havipatikani. Ni kweli Beetle ya mwisho ya muundo ule ilitoka kiwandani Puebla, Meksiko, Julai 2003, lakini vibanio vyake bado vinatengenezwa na kuuzwa. Bei yake haifiki popote ukilinganisha na kupaka rangi mara ya pili.

Kwa hiyo wewe mwenye gari, kabla hujalipa, mwambie fundi akuonyeshe vibanio vya zamani alivyotoa. Akianza kujikuna kichwa, jua mkanda haukung'oka.