Je, Mbwa Hutambua Saa ya Kujifungua?

Katika nyumba nyingi zinazofuga mbwa husimuliwa habari moja. Mama mja mzito akikaribia kujifungua, mbwa hubadilika: humfuata kila aendako, hulala mlangoni pake, au humbwekea mgeni ambaye jana alimpokea kwa kutikisa mkia. Uchungu unapoanza, jamaa hukumbuka na kusema, "Mbwa alijua." Mwanafunzi akilipeleka jambo hili darasani, yuko mwalimu atakayecheka na kuliita ushirikina, na yuko atakayelikubali kwa kuwa wazee wamelishuhudia. Majibu yote mawili yana kasoro ileile: hayakupima kitu.

Anayecheka na akumbuke uwezo wa pua ya mbwa. Vipokezi vya harufu katika pua ya binadamu hukadiriwa kuwa milioni 5 hivi. Vya mbwa hupita milioni 200. Mwaka 2004 jarida la utabibu la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha jaribio ambamo mbwa sita walifundishwa kunusa mkojo na kuchagua, kati ya sampuli saba, moja iliyotoka kwa mgonjwa wa saratani ya kibofu. Walichagua sawasawa mara 22 katika 54, yaani asilimia 41, hali kubahatisha kungalitoa asilimia 14 tu. Na huko Morogoro, shirika la APOPO, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, limewafundisha panya buku kutambua kifua kikuu kwa kunusa makohozi. Basi si muhali kwamba mnyama anaweza kunusa mabadiliko ya mwili wa mama.

Hata hivyo, kuweza si kufanya. Yafaa kuuliza: ni harufu ya kitu gani? Kwa mbwa jike mwenyewe, homoni iitwayo projesteroni hushuka ghafula kabla ya kuzaa, na joto la mwili wake hupungua kwa kadiri ya digrii moja katika saa 24 za mwisho. Mbuzi na kondoo nao hushukiwa na homoni hiyo. Lakini katika damu ya mwanamke projesteroni haishuki hivyo. Hubaki juu mpaka kondo la nyuma litoke. Kwa hiyo alama iliyo wazi kwa mbwa haipo kwa binadamu, na anayedai kwamba mbwa hunusa saa ya uchungu ana wajibu wa kuonyesha alama nyingine.

Tena iko hila ya kumbukumbu. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mvua ikisha kunyesha ni rahisi kuchagua wingu lolote na kulisifu. Katika majuma mawili ya mwisho mama hutembea polepole, hukaa nyumbani zaidi na huamka usiku. Mbwa anayeishi naye hana budi kuyaona hayo. Na tendo lolote la mbwa katika siku hizo 14 litafuatwa na uzazi upesi, hata kama mbwa hakujua lolote. Siku alizomfuata mama pasipo uchungu kutokea husahauliwa.

Mfano wa farasi Hans wa Berlin unafundisha mengi. Bwana wake, Wilhelm von Osten, aliamini kuwa farasi huyo anajua hesabu, na tume ya mwaka 1904 haikuona udanganyifu. Lakini Oskar Pfungst, katika uchunguzi aliouchapisha mwaka 1907, aligundua kwamba Hans alishindwa kila muulizaji asipojua jibu. Farasi alisoma miendo midogo ya kichwa ambayo watu waliifanya bila kujua. Mbwa naye huishi na watu wanaosubiri, wenye wasiwasi, wanaofunga mizigo. Huenda anasoma nyuso zao wala si tumbo.

Swali hili basi lafaa sana kwa darasa la Biolojia. Daftari liandikwe kila jioni, kabla ya matokeo kujulikana: mbwa alifanya nini leo? Mwandishi wake asijue tarehe iliyokadiriwa na kliniki. Mwishoni zihesabiwe siku za aina nne: mbwa alibadilika na uchungu ukaja, alibadilika usije, hakubadilika ukaja, hakubadilika usije. Masimulizi ya mtaani hutunza aina ya kwanza peke yake. Sayansi hudai zote nne.

Jambo hili si mchezo wa darasani tu. Mimba iliyotimia huweza kufika mwisho wakati wowote kati ya juma la 37 na la 42, na ni watoto wapatao 5 tu katika 100 wanaozaliwa siku ileile iliyokadiriwa. Katika mashaka hayo, nyumba iliyo mbali na hospitali hutamani ishara. Mbwa akitulia, familia yaweza kusema, "Bado," hali chupa imevunjika au damu inatoka. Dalili hizo hazingoji ushahidi wa mbwa. Zadai safari ya mara moja. Mbwa na aachwe alinde mlango na achunguzwe kwa daftari. Saa ya kuondoka iamuliwe na mwili wa mama pamoja na mkunga wake.