Kimya Kingi cha Mtambo Kina Mshindo

Nyani haoni kundule, walisema wahenga. Sisi tunaofundisha somo la kompyuta tumewafuga nyani wa namna hiyo mitamboni mwetu, na sasa yanipasa kulisema jambo hili bila kumung'unya maneno.

Katika chuo kimoja nilikofundisha, wanafunzi wangu walitegesha programu ya OpenTelemetry Collector ili ikusanye habari za kila ombi lililopita katika seva za usajili na karo, kisha izipeleke kwenye hifadhi kuu. Kwa siku tatu skrini haikuonyesha hitilafu hata moja. Siku hizo hizo vijana walikuwa wakizuiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani, eti hawajalipa, ilhali stakabadhi wamezishika mkononi! Malipo yalikuwa yakikwama kwenye seva, na hitilafu zilikuwapo tele. Lakini hifadhi ilikuwa imejaa na kukataa kupokea. Mkusanyaji akajaribu tena na tena, foleni yake ikafurika, naye akawa anazitupa habari. Kimya hicho tukakiita uzima.

Ndugu msomaji, mkusanyaji huyo si bubu kwa maumbile. Ana viwango vinne vya kujipima: kutojipima kabisa, cha msingi, cha kawaida na cha kina. Asipoguswa, hushika cha kawaida na kuitangaza hali yake katika mlango nambari 8888 wa mashine yenyewe: foleni imebeba shehena kiasi gani, na ngapi zimeshindwa kutumwa. Aliyemnyamazisha ni mwanafunzi wangu, na aliyemfunza kumnyamazisha ni mimi. Nilimwambia kwamba kujipima ni mzigo kwa mashine. Kiwango cha kina ni kizito, nakiri. Cha kawaida hakikustahili kuogopwa.

Linalowaponyoka wengi ni njia ya ripoti. Ukiipitisha katika bomba lile lile linalobeba habari, bomba likiziba nayo imeziba. Heri programu nyingine, mathalani Prometheus, ikae kwenye mashine tofauti, imbishie hodi mkusanyaji kila mara na kupiga kelele asipoitika. Itabidi mlango ule ufunguliwe kwa mtandao wa ndani, si kwa ulimwengu mzima.

Foleni hiyo, isipobadilishwa, hubeba shehena 1,000, na juhudi za kutuma upya hukoma baada ya dakika 5. Basi muhula huu, kabla ya kutoa alama, nitaizima hifadhi kwa dakika 10 na kumtaka kila mwanafunzi anionyeshe ni nini kilichopotea.