Tumaini huingia kwa mlango mdogo

KWA muda wa wiki saba jirani yangu mmoja alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri, anaoga, anafunga tai, anachukua mkoba wake na kupanda matatu kuelekea mjini. Mkewe alimtilia chai kama kawaida. Watoto walimwambia, "Kazi njema, Baba!" naye akaitikia.

Kumbe hapakuwa na kazi. Kampuni aliyoitumikia kwa miaka kumi na mitatu ilikuwa imepunguza wafanyakazi, naye alikuwa miongoni mwa waliokabidhiwa barua. Akashindwa kuitoa barua ile mfukoni. Kila siku alishinda katika bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji la Nairobi, ameketi kwenye benchi na mkoba magotini. Saa ya chakula cha mchana wahubiri walipofika, aliwasikiliza. Jioni alirudi nyumbani, akaulizwa habari za kazi, akajibu kuwa ni njema.

Jumapili aliketi viti vya mbele, maana ni mzee wa kanisa. Baadaye aliniambia: "Ndugu yangu, nilikuwa nikiimba kwa sauti kuwashinda wote, ili mtu yeyote asinisogelee na kuniuliza jambo."

Ameniruhusu niisimulie habari hii huenda ikamfaa mwingine, mradi nisimtaje jina. Nami nimekubali kwa sababu najua hayuko peke yake. Yuko mwanafunzi wa chuo ambaye hajaingia darasani tangu muhula uanze kwa kukosa karo, na bado anawaambia wazazi wake kuwa masomo yanaendelea vyema. Yuko mama anayezima simu kila ifikapo tarehe tano kwa sababu ya kodi ya nyumba. Yuko kijana aliyetuma maombi ya kazi hadi akachoka kuhesabu. Wote hawa Jumapili wanavaa vizuri, wanapeana mikono na kusema, "Bwana asifiwe!"

Mpenzi msomaji, wahenga walisema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Leo ningependa tuulizane swali moja: mtu wa imani akifika mahali pa namna hii, tumaini humrudia kwa njia gani?

Hebu tumtazame nabii Eliya, ambaye habari zake zimo katika kitabu cha Wafalme wa Kwanza, mlango wa 18 na 19. Juu ya Mlima Karmeli alikuwa ameshuhudia moto ukishuka kutoka mbinguni na manabii wa Baali wakiaibika mbele ya umati. Baada ya ukame wa miaka, mvua ikanyesha. Ungedhani mtu kama huyo hangeogopa tena maishani. La hasha! Malkia Yezebeli alipotuma ujumbe wa kumtisha, Eliya alitimua mbio hadi Beer-sheba. Hapo akafanya jambo ambalo wengi wetu hulipita tunaposoma. Alimwacha mtumishi wake mjini, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima. Akaketi chini ya mti uitwao mretemu, akamwomba Mungu amtoe roho.

Tazama basi jinsi Mungu alivyomtibu. Hakumkemea kwa uhaba wa imani, wala hakumwagiza afunge kwa siku kadhaa. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, naye alipofumbua macho akaona mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na kumlisha, kwa kuwa safari iliyokuwa mbele yake ilikuwa ndefu.

Alipofika mlima Horebu, ukapita upepo wa kupasua miamba, kisha tetemeko la nchi, kisha moto. Maandiko yanaeleza kuwa Mungu hakuwamo katika hayo yote. Alikuja baadaye, kwa sauti ndogo ya utulivu. Eliya akalalamika kwamba amebaki yeye tu. Mungu akamjulisha kuwa wamo watu 7,000 katika Israeli ambao hawajampigia Baali magoti. Kwa hesabu ya Eliya mwaminifu alikuwa mmoja, na kwa hesabu ya Mungu walikuwa maelfu. Aidha akapewa kazi ya kufanya na mtu wa kuandamana naye, Elisha, ambaye alimkuta shambani akilima kwa ng'ombe.

Chakula na usingizi, sauti ya utulivu, mwenzi wa safari, na kazi ya kurudia. Ndiyo dawa aliyopewa nabii mkuu, na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ingewavutia watu kujaza uwanja. Tumaini lilimwingilia Eliya kwa mlango mdogo.

Nayasema haya kwa sababu katika miji yetu kuna wanaolitangaza tumaini la mlango mkubwa. Utaambiwa upande mbegu ya shilingi elfu kadhaa ili uvune kazi. Utauziwa maji na mafuta. Na usipopata, utaambiwa kuwa imani yako ndiyo iliyopunguka. Mtu aliyefilisika anatoka hapo akiwa na deni na hatia juu yake.

Yako pia yaliyo mabaya kuliko hayo. Mwezi wa Aprili 2023 taifa letu lilipigwa na bumbuazi miili ya watu ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Hatimaye iliyopatikana ilizidi 400, ikiwemo ya watoto wadogo. Ilielezwa kuwa waumini walifundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Tukumbuke kwamba Mungu wa Eliya alimpelekea mkate mtu aliyetaka kufa. Anayekuambia kwamba njia ya kumfikia Mungu ni kuunyima mwili wako na wa mtoto wako chakula hadi mauti, huyo hajaisoma habari ya mretemu.

Pengine utasema hayo ni mambo ya kale ya Israeli. Haya, tuje karibu na nyumbani, hapa hapa Afrika Mashariki.

Mnamo 1928 na 1929 njaa kali iliikumba Rwanda, hasa upande wa mashariki. Huko Gahini alikuwako daktari kijana wa Kiingereza aliyeitwa Joe Church, aliyefika mwaka 1928 kuhudumu katika hospitali ya misheni. Wagonjwa na wenye njaa walimzidi nguvu. Mwaka 1929 alisafiri hadi Kampala akiwa amechoka mwili na roho. Katika kilima cha Namirembe akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, ambaye naye alikuwa na kiu ya kumjua Mungu kwa undani zaidi.

Hapakuwa na mkutano wa hadhara wala vipaza sauti. Watu hawa wawili waliketi pamoja kwa siku mbili, wakaisoma Biblia na kuomba. Zingatia kuwa ilikuwa enzi ya ukoloni. Mzungu msomi kuketi na Mwafrika na kukiri mbele yake kwamba ameishiwa halikuwa jambo la kila siku. Lakini daktari yule alirudi kazini kwake Gahini akiwa mtu mwingine. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, naye akaenda Gahini kufundisha. Katika miaka ya 1930 uamsho ukawaka huko, ukaenea Uganda, ukafika Kenya mwaka 1937, na Tanganyika pia. Wengi wenu mlilelewa na nyanya au babu waliosalimiana kwa wimbo wa Tukutendereza, neno la Kiganda lenye maana ya "tunakusifu". Asili yake ni uamsho huo.

Ndugu wa uamsho walikuwa na kasoro zao kama wanadamu wengine. Wapo waliokuwa wakali mno kuhusu mavazi, na wapo waliowahukumu wenzao upesi. Hata hivyo walituachia desturi moja ambayo jiji limetusahaulisha. Waliiita kutembea nuruni. Kila juma walikutana katika vikundi vidogo, nyumbani au chini ya mti, na mtu alisema wazi hali yake ilivyo: dhambi iliyomshinda, ugomvi na mkewe, deni lililomlemea. Wenzake hawakumcheka. Walimwombea, kisha wakatazama ni nani ana debe la mahindi, ni nani anaweza kumsindikiza kwenda kupatana na yule aliyekosana naye.

Waama, hapo ndipo imani ya Kikristo inapotofautiana na kujipa moyo tu. Msalaba wenyewe ni habari ya Mungu asiyekaa mbali na aibu ya wanadamu. Kristo alivuliwa nguo na kudhihakiwa mbele ya watu. Ikiwa yeye aliyapitia hayo, basi barua ya kuachishwa kazi si kitu cha kumficha. Na tunaposema alifufuka siku ya tatu, hatusemi kuwa Ijumaa haikuwapo. Tunasema kuwa Ijumaa haikuwa neno la mwisho.

Sasa tufanyeje? Kwanza, wewe uliyeelemewa, mchague mtu mmoja umwambie ukweli juma hili. Si lazima awe askofu. Awe ni mtu anayejua kunyamaza na kuomba. Ikiwa una mke au mume, anzia hapo. Mwanafunzi, waandikie wazazi wako. Watahuzunika, lakini huzuni ya leo ni nyepesi kuliko ile ya siku ya mahafali ambapo jina lako halitasomwa.

Pili, kula na ulale. Sala inayosemwa na mtu aliyekesha siku nne huwa fupi na ya hofu. Kaeni mezani pamoja hata kama ni ugali na sukuma wiki, mzime televisheni, mmshukuru Mungu kwa hicho kilichopo.

Tatu, fanya kazi iliyo karibu na mkono wako. Eliya hakurudishiwa ushindi wa Karmeli siku ile. Alirudishwa njiani.

Nne, mtu akisema kwamba heri afe, msimjibu kwa sala pekee. Mwombeeni, na mmpeleke hospitali siku hiyo hiyo, mkae naye. Daktari naye ni mkono wa Mungu, na huzuni inayokaa miezi mingi huweza kuwa ugonjwa unaotibika. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu kinakiuka Katiba. Ikiwa mahakama imeona kuwa mtu huyo anahitaji msaada na si pingu, itakuwaje kanisa liendelee kumnyooshea kidole?

Nanyi viongozi wa makanisa, nawaomba jambo moja kwa heshima. Tunajua kuchanga pesa za paa jipya na za vyombo vya muziki. Je, tunajua ni familia gani haikuwasha jiko Alhamisi iliyopita? Mtumishi wa Mungu akikaribia wiki saba kwenye benchi la bustani bila hata mmoja wetu kugundua, kosa si lake peke yake. Mimi mwenyewe nilimpita mara kadhaa nikamsalimu, nikaridhika na jibu lake.

Na yule jirani yangu? Jioni moja ya wiki ya saba aliingia nyumbani, akaweka mkoba juu ya meza, akaketi bila kuvua koti. Mkewe akawapeleka watoto kulala. Kisha akamwambia, "Baba watoto, ile barua niliiona siku nilipolifua koti lako. Ni mwezi sasa. Nimekuwa nikikungoja uniambie ili tuombe pamoja." Wakalia. Kisha mama akapasha moto chakula, nao wakala saa nne ya usiku.

Msidhani kuwa siku ya pili simu ya kazi ilipigwa. Kazi kama ile ya zamani hajaipata hadi leo. Walihamia nyumba ndogo zaidi, na mtoto wao mkubwa akatolewa shule ya bweni akaingia ya kutwa. Sasa anawawekea hesabu wafanyabiashara wadogo wa mtaani, wengine wanamlipa kwa pesa na wengine kwa mboga. Kila Jumatano jioni watu sita au saba hukutana sebuleni kwake, wanasoma Neno, kila mmoja anaeleza juma lake lilivyokuwa. Nami huenda.

Juzi nilimwuliza kama bado anaimba kwa nguvu kanisani. Akacheka. "Siku hizi naimba polepole," akasema, "lakini ninayasikia maneno."

Jumapili njema, na Mungu awe nawe.